Malalamiko: mtoto aliyeandikiwa "maumivu ya kukua" huku mikono na miguu imevimba

Wazazi wa mtoto,
Mwanza.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Vituo vya Afya,
Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTAMBUZI WA UGONJWA WA MTOTO WETU WA MIEZI 13

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtoto wetu wa kike, mwenye uzito wa kilo 8.6, alihudumiwa katika kituo chenu mara 3 ndani ya siku 9. Aliletwa kwa sababu ya kulia usiku na mchana, kukataa kusimama, na kuvimba mikono na miguu. Aliondoka na majina matatu ya ugonjwa: malaria, kisha "hakuna tatizo la mfupa", kisha "maumivu ya kukua". Hospitali nyingine ilimpima tone moja la damu la kidoleni, na ndani ya dakika 10 jibu likapatikana: ana selimundu, yaani sikoseli. Kipimo cha kuthibitisha kilitoka na himoglobini S (ile ya ugonjwa) asilimia 78, himoglobini F (ile ya kuzaliwa nayo) asilimia 19, na himoglobini A (ile ya kawaida) haipo kabisa.

Tunajua kwamba kutambua ugonjwa wa mtoto asiyeweza kusema anaumwa wapi ni kazi ngumu, na hatumlaumu tabibu kwa kuanza na malaria. Kanda ya Ziwa malaria ipo, na mtoto anayelia akiwa na joto la 37.6 lazima apimwe. Tunacholalamikia ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani ya faili lenu tangu siku ya kwanza. Na tulipouliza, swali letu halikujibiwa. Liliandikwa kwenye faili kwa maneno haya: "Mama ana hofu."

Tunaomba mfungue faili hilo mkiwa mnasoma barua hii.

Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa muuguzi wa mapokezi, ambaye tunamshukuru. Aliandika: mkono wa kushoto na miguu yote miwili imevimba, ngozi inang'aa, mtoto hataki kuguswa. Aliona sawasawa. Mgongo wa mkono ulikuwa umejaa kama mkate, vifundo vya vidole havionekani, na ushanga wa mguuni ulikuwa umezama kwenye nyama hadi ukakatwa kwa wembe. Alipopewa biskuti aliibana kati ya viganja vya mikono bila kukunja vidole. Mtoto wa miezi 13 mwenye njaa asiyekunja vidole kushika biskuti anaonyesha mahali panapouma waziwazi kuliko maneno.

Umri huo na uvimbe huo, katika mkoa huu, vina sababu ya kwanza ya kufikiriwa, na sababu hiyo ni selimundu. Mtoto anazaliwa akiwa na himoglobini F kwa wingi, na hiyo humkinga. Inapopungua, kuanzia miezi 6 hivi, himoglobini S inachukua nafasi yake, na seli nyekundu zinaanza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Kwa mtoto mdogo mifupa midogo ya mikono na miguu bado ina uboho mwekundu unaohitaji damu nyingi, kwa hiyo huko ndiko kunakoziba mapema. Mkono unavimba, mguu unavimba, mara nyingi zaidi ya upande mmoja. Akifikisha miaka 4 au 5 uboho wa mifupa hiyo unakuwa umebadilika, na maumivu yanahamia mgongoni, mapajani na kifuani. Ndiyo maana dirisha hili ni la kati ya miezi 6 na miaka 4, na kwa watoto wengi ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya ugonjwa. Likipita bila mtu kuuliza, dalili inayofuata inaweza kuwa homa kali au bandama kujaa damu ghafla, na hapo muda unahesabiwa kwa saa.

Sasa twende kwenye kilichofanyika.

Siku ya 1, kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi. Imeandikwa hasi, imewekewa saini. Chini yake imeandikwa dawa mseto ya malaria, kidonge 1 asubuhi na jioni kwa siku 3. Mwongozo wa taifa unasema pima kwanza, tibu aliyethibitika. Tunaomba maelezo ya maandishi: kipimo kilifanywa kwa ajili ya nini kama jibu lake halikubadilisha chochote? Hasara ya dozi hiyo haikuwa fedha tu. Ilituliza akili za watu kwamba ugonjwa umepata jina, na siku 3 zikapita tukisubiri dawa ifanye kazi.

Dawa ya maumivu nayo ilikosewa. Aliandikiwa parasetamoli ya maji mililita 2.5 mara 3 kwa siku. Chupa iliyotoka dirishani kwenu ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo alipewa miligramu 60. Dozi ya mtoto ni miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kwa kilo 8.6 hiyo ni karibu miligramu 129, yaani mililita 5 na ushee. Alipewa nusu ya dawa, mtoto akaendelea kulia, na tulipowarudia kilio hicho kikahesabiwa kuwa mtoto ni "msumbufu". Uzito wake ulikuwa umeandikwa juu ya ukurasa uleule. Kwa maumivu ya namna hii, mtoto anayekunywa vizuri na asiye na shida ya figo huongezewa ibuprofeni, miligramu 10 kwa kilo kila baada ya saa 8, baada ya kula. Ikishindikana, morfini ya maji ya kunywa ipo kwa ajili hiyo. Na kabla ya kuongeza dawa maumivu yenyewe yanapimwa: uso, miguu, kutulia au kutotulia, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Kazi ya dakika moja. Katika kurasa zote za faili hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa maumivu yalikuwa kiasi gani.

Siku ya 4 alipigwa picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Haikuonyesha kitu, na imeandikwa "hakuna tatizo la mfupa". Sentensi hiyo ni kosa. Katika hali hii, siku za mwanzo eksirei huonyesha uvimbe wa nyama tu. Mabadiliko ya mfupa huonekana baada ya wiki 1 hadi 2. Picha safi ya siku ya 4 haifungi mjadala wa selimundu, wala haifungi wa usaha kwenye mfupa, ambao nao ulipaswa kufikiriwa na kuandikwa. Siku hiyohiyo alichomwa sindano ya diklofenaki kwenye msuli wa tako, dawa ambayo kwa sindano haifai kwa mtoto wa umri huo, tena bila kuangalia kama amekunywa maji ya kutosha. Halafu tukaelekezwa tumkande kwa barafu.

Tunaomba mlitazame hili la barafu kwa uzito wake. Baridi hubana mishipa ya damu. Kwa mkono ambao shida yake ni mishipa iliyoziba, barafu inaongeza kuziba na kuongeza maumivu. Kinachofaa ni vuguvugu, maji ya kunywa kwa wingi, na kutomvua nguo chumba kikiwa na ubaridi. Mtoto alikandwa mara 2 kwa ushauri wenu, na mara zote mbili alilia hadi sauti ikakauka.

Siku ya 9 uvimbe ulikuwa umeanza kushuka wenyewe, kama unavyofanya kwa kawaida, na daktari akaandika "maumivu ya kukua". Maumivu ya kukua yapo, hatuyakatai. Lakini yana sura yake: huja kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi yameisha na mtoto anakimbia. Hayavimbishi. Hayaleti joto. Hayamfanyi mtoto akatae kukanyaga mchana kutwa, na hayashiki mikono. Mtoto wa miezi 13 mwenye mkono uliovimba haingii kwenye sura hiyo.

Hapo ndipo tulipoomba apimwe selimundu. Majibu tuliyopewa ni mawili. La kwanza, kwamba watoto wa sikoseli ni wembamba, macho ya njano, tumbo kubwa. Hiyo ni picha ya mtoto aliyechelewa kutambuliwa. Mtoto wa mwaka 1 anaweza kuwa mnene na mchangamfu na bado awe na ugonjwa huu. La pili, kwamba sisi wazazi ni wazima. Wabebaji, yaani wenye kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huu, wote ni wazima. Baba akiwa na kinasaba kimoja na mama kimoja, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, na nafasi hiyo haipungui kwa sababu kaka zake walitoka salama. Anayefanya kazi Kanda ya Ziwa, ambako wabebaji ni wengi, anapaswa kulijua hili bila kufungua kitabu.

Siku hiyo pia alipimwa FBP, yaani picha kamili ya damu, na hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu mmoja wetu anafanya kazi ya maabara. Himoglobini ilikuwa 7.9. Ukubwa wa seli nyekundu ulikuwa 84. Seli nyeupe elfu 17. Aliandikiwa "upungufu wa damu wa lishe" na kupewa madini ya chuma. Upungufu wa chuma unaoshusha damu hadi 7.9 hufanya seli ziwe ndogo, na 84 kwa mtoto wa mwaka 1 si ndogo. Damu iliyopungua na seli zisizo ndogo maana yake damu inavunjwa au haitengenezwi, na hatua inayofuata ni kuhesabu seli nyekundu changa na kuangalia damu kwenye darubini. Havikufanyika. Hata zile elfu 17 zilihitaji darubini, kwa sababu mashine huweza kuhesabu seli nyekundu changa zenye kiini kama seli nyeupe, jambo la kawaida kwa wagonjwa hawa. Fundi aliyetoa karatasi ile angeweza kuandika mstari mmoja wa kupendekeza kipimo. Mashine ilitoa ishara, hakuna aliyeisoma.

Kuhusu kipimo chenyewe, tahadhari moja, kwa sababu tumesikia mnafikiria kununua. Kile cha zamani cha kuona seli zikijikunja hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 au mwenye damu ndogo sana kinaweza kutoka hasi kumbe anao. Vile vya haraka vya kisasa vinavyoonyesha himoglobini A, S na C kila moja kwa mstari wake vinafaa zaidi, na havihitaji umeme. Aliyeongezewa damu hivi karibuni asipimwe kwa chochote hadi miezi 3 ipite, vinginevyo mnapima damu ya aliyemchangia. Chanya ithibitishwe kwa elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini.

Siku zilizopotea zina thamani gani? Bandama ya mtoto wa selimundu hushindwa kazi mapema, kwa hiyo bakteria wa nimonia na uti wa mgongo wanaweza kumuua ndani ya siku moja. Kinga yake ni penisilini V ya kunywa, miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5, pamoja na chanjo zake zote. Kila siku aliyokaa na jina la "maumivu ya kukua" alikaa bila penisilini. Hatukuwa tumeambiwa kwamba homa ya 38.5 kwake ni dharura ya kukimbiza hospitali usiku uleule, wala kufundishwa kumshika tumbo chini ya mbavu za kushoto kila asubuhi kuona kama bandama imekua. Haidroksiyurea, inayopunguza mashambulizi haya na inayoweza kuanzwa tangu miezi 9, nayo ilisubiri.

Tunachoomba ni hiki. Faili lirekebishwe, na maneno "maumivu ya kukua" na "Mama ana hofu" yawekewe maelezo yaliyosainiwa ya utambuzi sahihi, ili daktari mwingine asiyategemee. Kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 4 anayeletwa na uvimbe wa mikono au miguu katika kituo chenu chochote apimwe selimundu siku hiyohiyo, na muuguzi wa mapokezi apewe mamlaka ya kuomba kipimo hicho bila kusubiri daktari, kwa kuwa kwenu yeye ndiye aliyeona. Jedwali la dozi ya dawa za maumivu kwa kilo libandikwe kila chumba cha kumwonea mtoto. Na mpitie mafaili ya watoto wa chini ya miaka 3 walioandikiwa maumivu ya kukua, muwapigie simu wazazi wao. Hili la mwisho tunalisisitiza kuliko hata kurudishiwa gharama za dawa mseto, sindano na dawa ya chuma, ambazo nazo tunazidai kwa risiti zilizoambatishwa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutapeleka barua hii na nakala za faili kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kliniki yake ya kwanza ya selimundu ni Jumanne ijayo. Tunahitaji kabla ya siku hiyo picha halisi ya eksirei na karatasi halisi ya FBP. Tutazifuata wenyewe mapokezi Jumatatu saa 2 asubuhi.

Wazazi wa mtoto