Tumwangalie mtoto, tusiangalie joto tu

Ndugu Mhariri,

Kila masika yakikatika huku kwetu Bagamoyo, watoto wa mwaka mmoja na miwili huanza kuchemka. Mimi ni muuguzi mstaafu, lakini majirani bado wananigongea usiku, na swali ni lile lile: "Bibi, nimpe Panadol tungoje asubuhi, au nimpeleke sasa hivi?" Naomba nafasi kidogo niwajibu wote kwa pamoja.

Wengi hushika paji la uso, basi, hukumu imetoka. Joto lina maana yake: kwapani likifika 37.5 hiyo ni homa, na kichanga wa chini ya miezi miwili apelekwe mara moja hata kama ananyonya vizuri. Ila kwa huyu anayetembea, kipimajoto peke yake hakitoshi. Yupo anayefika 39 na bado anafukuza kuku uani. Yupo wa 38 tu, ukimnyanyua kichwa kinalala begani, titi halitaki, uji hautaki, unamwita jina anakutazama bila kukujua. Huyo wa pili abebwe usiku huo huo, hata kwa bodaboda ya kukopa.

Wengine wa kuondoka nao bila kikao cha ukoo ni anayetapika kila anachopewa, mwenye shingo iliyokakamaa, mwenye viganja vilivyopauka au mkojo wa rangi ya kahawa, na anayepumua kwa kasi huku mbavu zikiingia ndani. Pumzi unaweza kuzihesabu mwenyewe akiwa ametulia, dakika nzima, kwa saa ya simu. Aliyetimiza mwaka akifikisha pumzi 40 kwa dakika, usiseme ni mafua.

Degedege nalo ni safari ya hospitali, hata kama limekatika. Hapa sitauma maneno. Bado wapo wanaomfukiza mtoto kinyesi cha tembo au kumwogesha mkojo, na wanaoapa kwamba akichomwa sindano atakufa. Wazee wangu nawaheshimu, lakini kwa hili hapana. Mtoto anafukizwa tangu alfajiri, analetwa jioni amezimia, akifa inasingiziwa sindano. Akishikwa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni wala dawa ya kunywa, kisha njooni.

Mtoto aliyechangamka mpunguzie nguo, mnyonyeshe, mpe parasetamol kwa kipimo cha uzito wake, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe. Na jasho likimtoka usishangilie mapema: parasetamol inashusha joto, vimelea vya malaria haivigusi. Mkoa kama wetu, homa ya mtoto ipimwe ndani ya saa 24. Ni tone la damu la kidoleni, na majibu hayachukui hata nusu saa. Kinachoniudhi ni dawa mseto ya malaria inayonunuliwa dukani bila kupima damu, mtoto anapewa vidonge vya siku moja, akichangamka vilivyobaki vinafichwa kabatini kwa ajili ya homa ya mdogo wake. Na kipimo kikionyesha hakuna malaria, mama usijifunge khanga ukaondoka. Omba aangaliwe masikio, mapafu na mkojo, maana homa ina chanzo.

La mwisho ni kwa wauguzi wenzangu wa zamu ya usiku. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Mama anaweza kutoka nyumbani mtoto anaungua, akafika kwenu saa nane za usiku mtoto amepoa na anacheza na kitambulisho chako shingoni. Usimwambie "huyu mzima, rudi kesho." Mtoboe kidole, mpime, muulize mama ilianza lini na amempa nini. Na kufoka tuache, kwani mama aliyefokewa usiku wa leo, homa ijayo atakaa nayo nyumbani mpaka kuche.

Muuguzi mstaafu,
Bagamoyo