Ufunguo Ukae Wapi

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shosti wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi mzima, ila joto la huku linanimaliza. Ujumbe wako kwamba umepata chuo Mbeya, na kitanda cha hosteli juu yake, niliusoma ndani ya daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Hongera sana! Miaka yote ile ya kukaa dukani haikukuondolea hamu ya shule.

Umeniuliza sheria za hosteli zikoje, maana mama hana raha. Ukifika utapewa karatasi ndefu utie saini: usipike chumbani, usilaze mgeni, usihamishe kitanda, usichezee mitungi ya kuzimia moto. Wengi wanatia saini huku wanaangalia nani kapangwa nao. Wewe isome yote. Mimi nitakueleza jambo moja ambalo karatasi hiyo haitakwambia: sehemu ya sheria zake zimewekwa kwa kumwogopa mwizi, nyingine kwa kuogopa moto, na hizo mbili zinavutana. Kinachomzuia mwizi kuingia kinaweza kukuzuia wewe kutoka.

Tuanze na mwizi, yeye ndiye utakayekutana naye mapema. Usimtegemee usiku akiruka ukuta. Wa hosteli anakuja saa tano asubuhi, watu wako darasani, kavaa vizuri, kabeba begi mgongoni kama mwanafunzi mwenzio. Anagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Ukifungua anauliza, "Samahani dada, Rehema yupo?" Asipojibiwa na mlango haukufungwa, kompyuta yako imekwenda. Mwenzangu wa chumbani alikwenda kuoga akaacha simu inachaji kitandani. Alirudi na povu bado sikioni, akakuta chaja peke yake. Kwa hiyo hata ukienda kuchota maji, funga. Bonyeza *#06# kwenye simu yako, namba itakayotokea iandike mahali pengine, pamoja na ile namba ndefu iliyobandikwa chini ya kompyuta, na risiti usizitupe. Ukienda polisi kutafuta RB, ile namba ya taarifa ya wizi, ndiyo watakayokuuliza.

Sasa moto. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Na kwetu usidhani tumesalimika: sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni mwaka 2009. Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, unaosema mabweni yawe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, milango ifungukie nje, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda ibaki mita 1.2. Ni mwongozo wa shule, si wa chuo, na ni wa jirani, lakini sijaona kipimo rahisi kuliko hicho. Siku ya kwanza, kabla hujatandika shuka, simama katikati ya chumba ukipime.

Nondo utazikuta, hilo najua. Sisi Waswahili tukijenga, nondo dirishani zinakuja kabla ya rangi. Huwezi kuzing'oa, basi kila kitu kinabaki mlangoni. Usiku fungeni kwa kitasa, na ufunguo muuweke sehemu moja ambayo wote chumbani mnaijua hata gizani. Mtu asiulalie chini ya mto wake. Kuna vyumba watu wanafunga kufuli kwa ndani, halafu mwenye ufunguo ndiye mwenye usingizi mzito kuliko wote! Kataa hilo hata kama wewe ndiye mgeni. Tena uliza mlango wa korido unafungwa saa ngapi, ufunguo anao nani, na huyo mtu analala wapi. Msimamizi wa hosteli ataudhika kidogo. Mwache audhike.

Kuhusu hita ya kuchemshia maji, sitajifanya sijui. Imekatazwa na kila mtu anayo, na Mbeya ya Juni na Julai maji ya bombani yanaumiza mifupa. Lakini ujue kwa nini imekatazwa. Soketi ya ukutani ni ya amperi 13, ambazo kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 3,000 tu. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye waya mmoja wa soketi nyingi, tayari mmepita, na ule waya wa bei poa unaanza kuchemka chini ya godoro ambako hakuna anayeuona. Hita ikisahaulika kwenye ndoo ya plastiki, maji yakakauka, ndoo inayeyuka na moto unaanzia sakafuni. Kama hosteli ina jiko la pamoja, chemshia huko hata kama kuna foleni.

Jiko la mkaa ndani ya chumba ni baya zaidi, na huko kwenye baridi utashawishiwa. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia akidhani ni joto zuri, asiamke tena. Hapo mwenzako asikubembeleze, toa jiko nje.

Moto ukitokea kwenye waya, usimwage maji. Zima swichi kubwa kwanza. Zimamoto ni 114. Mlango ukiwa umefungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto usiufungue, ziba chini yake kwa khanga iliyoloa, kaa dirishani upige kelele. Ukiweza kutoka, tambaa, maana moshi unapanda juu na hewa inabaki chini. Kompyuta iache iungue.

Halafu kuna kubebana, yaani kumlaza chumbani mtu ambaye hakupangiwa. Utaombwa tu, maana vitanda havitoshi na bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, linachelewa, na aliyekosa chumba anaweza kuwa rafiki yako. Siwezi kukwambia usimwonee huruma. Ila siku ya tatizo watu wanaitwa kwa orodha, na yeye hayumo. Hakuna atakayerudi ndani kumtafuta mtu asiyejulikana kama alikuwepo. Kama lazima alale, angalau wa chumba cha pili wajue yupo.

Na hofu nayo inaua. Aprili 2, 2015 magaidi waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wanafunzi. Siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ikatoa mlipuko kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia, na magaidi hawakuwepo. Siwalaumu, nani asingeruka wiki ile? Ndiyo maana zoezi la kutoka, kama chuo chenu kinalifanya, nenda, usibaki umelala. Na kama hawafanyi, wewe na wenzio tembeeni ngazi zote mbili siku moja jioni mzione zinatokea wapi.

La mwisho, na hili usimsomee mama. Kitanda chako kinalipiwa kwa kontrol namba, ile namba rasmi ya malipo. Mtu akitaka hela kwenye simu yake ili "akuwekee" chumba kizuri, ni tapeli. Na akitaka mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure 113. Hifadhi jumbe zake zote, usizifute kwa hasira.

Kufuli la kabati nimelipata Kariakoo, zito, si yale ya bati. Nalituma na basi la Jumanne, namba ya mzigo nitakutumia. Ukionyeshwa chumba, nipigie picha mlango na dirisha.

Wako,
Bi Mkubwa