Barua ya wazi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji la Tanga

Ndugu Afisa,

YAH: UCHAGUZI WA WAJUMBE WA BODI KATIKA MASHIRIKA YA UTALII NA UHIFADHI

Yapo mashirika yasiyo ya kiserikali yanayowapeleka wageni kwenye Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na Kisiwa cha Toten, na yanayopanda mikoko na kulinda miamba ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Bodi zake huchaguliwa kwa kura za wanachama, kisha muhtasari wenye majina mapya unaletwa mezani kwako. Sisi tunaokuandikia ni waongozaji watalii, manahodha na wapanda mikoko. Tunaleta jambo moja: chaguzi hizi huharibikia kwenye daftari la wanachama, wiki nyingi kabla sanduku la kura halijawekwa mezani, na ofisi yako ina uwezo wa kulidai daftari hilo mapema.

Chukua kitabu cha stakabadhi za ada. Ukikuta stakabadhi namba 0212 hadi 0251 zimekatwa siku moja, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, siku nne kabla ya mkutano mkuu, hao ni wapiga kura 40 waliolipiwa na mtu mmoja. Ada ikipita kwenye simu ndiyo rahisi zaidi kuona, maana miamala yote 40 ina jina la mtumaji yule yule. Siku ya uchaguzi hakuna msimamizi anayeweza kuwazuia. Wana kadi, wana stakabadhi, na majina yao yamo. Kosa lilishafanyika, na lilifanyika kwa sababu hakuna aliyepanga siku ya mwisho ya kuandikishwa.

Dawa yake ni kulifunga daftari siku 30 kabla ya kura. Anayelipa ada baada ya hapo anakaribishwa mkutanoni, lakini atapiga kura mwaka unaofuata. Daftari liwe na majina matatu ya mwanachama, namba ya uanachama, tarehe ya kujiunga, namba ya stakabadhi na mtaa au kijiji. Majina mawili hayatoshi hapa Pwani: Mwanaidi Bakari wanaweza kuwa watatu katika kijiji kimoja, na mmoja wao watu wote wanamjua kwa jina la Mama Zaina. Nakala zibandikwe pale watu wanapopita wenyewe, kama soko la samaki la Deep Sea, ofisi ya kata Tongoni na Chongoleani. Wanachama wapewe siku saba za kuleta pingamizi kwa maandishi, na kamati ya uchaguzi siku tano za kujibu. Kamati iwe ya watu watatu au watano wasiogombea. Waliofariki waondolewe kwa heshima, na jina likiondolewa sababu iandikwe pembeni.

Siku yenyewe ya uchaguzi pia huwatupa watu nje bila mtu kukusudia. Siku zinazozunguka kuandama kwa mwezi na mwezi mpevu ni bamvua. Maji hutoka mbali katikati ya asubuhi, na kina mama wa pweza na chaza wako mwambani. Mkutano ukiitishwa saa nne siku hiyo, watu wanaouishi uhifadhi kila siku hawatakuwepo, na bodi itachaguliwa na wenye maduka ya mjini. Chagueni maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali, kama tarehe 8 au 22 za mwezi mwandamo, na isiwe Ijumaa. Wa Tongoni na Chongoleani wawekewe sanduku kwao, lifungwe kwa lakiri mbele ya mawakala, kisha lije kuhesabiwa pamoja na la mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa kwa mtu aliyeuza pweza mmoja.

Kuhusu akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, tunasema kwa ufupi: ihesabiwe wakati wa kupiga kura. Watu 60 wanaweza kusaini mahudhurio saa tatu, wakachukua posho, na saa saba wamebaki 35.

Kubadilisha bodi nzima kwa mara moja ni hatari ambayo wengi hawaioni hadi wafike benki. Watia sahihi wote watatu wakitoka siku moja, akaunti husimama mpaka benki ipokee muhtasari, barua na vitambulisho vya wapya, na katika muda huo walinzi wa kitalu cha mikoko hawalipwi. Kwa bodi ya watu tisa, watoke watatu kila mwaka. Mwaka wa kwanza tengenezeni vikaratasi tisa, vitatu vyenye namba 1, vitatu namba 2, vitatu namba 3, kila mjumbe achukue chake mbele ya mkutano. Namba aliyoipata ndiyo miaka atakayokaa kabla ya kugombea tena.

Nafasi zikiwa tatu, karatasi ya kura iseme wazi: weka alama kwa watu wasiozidi watatu. Mwenye alama moja au mbili kura yake ni halali, mwenye nne imeharibika. Wekeni picha za wagombea, na mpangilio wa majina upigiwe kura ya bahati, kwa kuwa jina la juu hupendelewa na jicho. Wakati wa kuhesabu, mmoja afungue na kusoma, wa pili aionyeshe karatasi kwa mawakala, wa tatu aandike ubaoni mistari minne na wa tano wa kukata. Karatasi zilizotolewa zikiwa 97, za kwenye masanduku zisizidi 97, na alama zote kwa pamoja zisizidi 291. Zikizidi, simamisheni pale pale, msisubiri kutangaza. Waliofungana kwenye nafasi ya mwisho warudiwe wao peke yao.

Liko suala la maslahi, nalo tunaliona zito. Mwenye boti anayelipwa kupeleka wageni Toten anapokaa kwenye bodi inayopanga bei na zamu za safari, anajigawia kazi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haikusudii shirika liwe mfuko wa wanachama wake. Hatutaki azuiwe kugombea, kwani anazijua njia za maji na tabia ya wageni kuliko wengi wetu. Tunataka ajaze tamko la maslahi pamoja na fomu ya kugombea, lisomwe kwa sauti kabla ya kura, na akichaguliwa atoke chumbani kila ajenda ya safari inapofika. Kutoka na kurudi kwake kuandikwe kwenye muhtasari.

Tunakuomba, Ndugu Afisa, usipokee majina ya bodi mpya bila viambatisho vitatu: nakala ya daftari iliyosainiwa siku lilipofungwa, karatasi ya matokeo yenye sahihi za mawakala, na matamko ya maslahi ya walioshinda. Na kama ofisi yako ina mtu mmoja tu wa kumtuma, tafadhali asije siku ya kura. Aje siku daftari linapofungwa, akae na kitabu cha stakabadhi kwa saa mbili. Shirika likipanga kura tarehe 22 ya mwezi mwandamo, siku hiyo ni tarehe 22 ya mwezi mwandamo uliotangulia, au 21 kama mwezi huo ulikuwa wa siku 29, saa tatu asubuhi, na kitabu kitakuwa mezani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Waongozaji watalii, manahodha na wapanda mikoko,
Tanga