Mwanangu, tafuta chumba kabla hujatafuta gari

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi wazima, mama yako mguu unaendelea vizuri. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza. Unasema daladala zimekuchosha, kazini wanatoa mikopo, na kuna gari aina ya Toyota IST umeliona kwa bei nzuri. Hukuniomba ruhusa, uliniuliza naonaje. Basi nakuandikia kama mtu aliyeshika usukani wa daladala jijini Dar es Salaam kabla wewe hujazaliwa.

Wewe ndiye mhasibu, kwa hiyo nianze na pesa. Bodaboda kutoka chumbani kwako ndani ya Goba mpaka barabarani ni 1,000, kisha daladala mpaka Mwenge, kisha nyingine mpaka kazini kwako Posta, na jioni hivyo hivyo. Umeona kwamba kipande kifupi kuliko vyote ndicho ghali kuliko vyote? Kwa siku 22 za kazi, bodaboda peke yake inakula 44,000. Daladala unazozilalamikia ndizo zinazokubeba kwa bei ya chini.

Sasa weka IST hapo. Kutoka Goba mpaka Posta na kurudi, tuseme lita 4 kwa siku, na foleni ikikaza zitazidi. Petroli miaka hii imekuwa ikichezea karibu na 3,000 kwa lita. Hiyo ni 264,000 kwa mwezi, na bado hujalipa rejesho la mkopo, bima, maegesho ya mjini wala fundi. Na utakaa kwenye foleni ileile, tofauti ni kwamba utakaa na feni yako.

Mateso yenyewe siyakatai. Naomba tu uelewe yanakotoka, maana watu wengi wanadhani konda kazaliwa mkorofi. Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, UDA, shirika la mabasi ya umma la Dar, ilipokuwa haina magari ya kutosha, na biashara ikajengwa juu ya hesabu ya tajiri. Mwenye gari anampa dereva gari asubuhi, jioni anataka hesabu yake kamili, yaani kiasi cha pesa walichopatana. Mafuta juu ya dereva. Faini ya trafiki juu ya dereva. Kinachobaki ndicho wanachogawana na konda, na kisipobaki wanalala njaa. Ukishajua hilo, mengine yanajieleza yenyewe. Mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo na nafasi aliyosimama ni ileile ya mtu mzima. Gari linakatisha ruti kwa sababu huko mbele hakuna abiria wa kurudi naye. Linakaa kituoni dakika nyingi likipigiwa debe, halafu linakimbizwa kama linafukuzwa ili kufidia muda. Siku dereva wa kila siku akipumzika, gari anapewa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, ambaye hana uchungu wa breki wala spring. Gari halina ratiba kwa sababu hakuna anayelipwa kwa kufika kwa wakati. Wote wanalipwa kwa vichwa.

Kwa hiyo daladala ni nafuu, ndiyo, lakini kile usichokilipa kwa shilingi unakilipa kwa muda na mwili. Na mwili wa mwanamke unalipa zaidi. Hili mama yako amenisisitizia niliandike. Gari likijaa mpaka mlangoni wapo wanaume wanaotumia kubanana kama kisingizio. Usinyamaze kwa aibu. Paza sauti, mtaje kwa rangi ya shati lake, abiria wa Dar hawana subira na mtu wa namna hiyo. Simu weka ndani ya begi na begi liwe mbele, hasa ukikaa dirishani gari likiwa limesimama kwenye foleni. Na usiku ukishaingia, lipia kipande cha mwisho cha kufika nyumbani bila kubana matumizi.

Kuna jambo moja ambalo mabasi yanaliweza na IST haitaliweza hata ukaifunga injini ya ndege: njia yake peke yake. Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, ulipoanza Mei 2016 nilikuja kuupanda kwa makusudi, Kimara mpaka Kivukoni, nauli 650, tukayapita magari binafsi yamesimama kando yetu. Nilifurahi kama mtoto. Najua leo utaniambia mabasi hayatoshi, watu wanalundikana vituoni, na mvua ikikolea bonde la Msimbazi linafurika, Jangwani panafungwa na safari zinakatika. Yote kweli. Lakini basi likishakupakia, foleni ya Ubungo haikuhusu. Ni kama treni ya SGR huku kwetu. Tangu ianze Juni 2024 mimi basi la Dar silipandi tena, maana kutoka Kibaha kuingia mjini ndiko nilikokuwa nikizeekea.

Sasa nifike kwenye shauri langu. Tatizo lako ni Goba. Chumba ulikipata kwa bei rahisi, lakini tofauti ya kodi umekuwa ukiimalizia kwa bodaboda na kwa usingizi. Ile pesa uliyoweka kando kutanguliza gari, itumie kulipa kodi ya miezi sita sehemu nyingine.

Ila usihamie popote tu. Dereva anakwambia hivi: kaa mwanzo wa njia upate siti, ama kaa karibu na mji kiasi kwamba kusimama hakukuumizi. Katikati ndiko kubaya. Ukikaa Baruti au Kona, vituo vya katikati vya mwendokasi, asubuhi basi linakufikia limeshashiba Kimara Mwisho, na utayaangalia mabasi matatu yakikupita. Watu wa katikati ndio hao wanaogeuza nalo: wanapanda gari linalokwenda upande wasikoenda, wanalipa nauli mbili, ili wakae tu. Ukikaa Kimara Mwisho kwenyewe utapanga foleni, lakini una nafasi ya kukaa. Ukipata Ilala, hata chumba kidogo, daladala ya Posta ni safari fupi, Jangwani hupiti kabisa, na siku ya mgomo au mafuriko unaweza kutembea. Mimi ningechagua Ilala. Mama yako anasema Ilala kuna kelele. Kelele haijawahi kumchelewesha mtu kazini.

Gari sikukatazi. Ukiwa na mtoto mchanga, au mzee kama mimi wa kupeleka kliniki, hakuna daladala itakayokufaa saa nane za usiku, na hapo IST ni msaada wa kweli. Lakini gari la namna hiyo linunue kwa pesa yako, liegeshe, lipande siku ya haja. Gari la mkopo litakulazimisha ulipande kila siku ili ujione hukukosea.

Dalali akikupeleka kuona vyumba, nenda siku ya kazi asubuhi, usiende Jumapili wakati barabara ni nyeupe na kila mahali panaonekana karibu. Na kabla hujalipa, nitumie picha ya njia ya kutoka kituoni mpaka getini, iliyopigwa saa mbili usiku.

Baba yako