Altaneta haipimwi kwa kuchomoa betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mafundi umeme wa magari wa hapa Moshi na wenzao wa Arusha, pamoja na sisi tunaowapelekea magari ya zamani, tuache kabisa desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kujua kama altaneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme wa kuchaji betri, inachaji.

Nina pikapu kuukuu ya dizeli, ya aina inayozimwa kwa kuvuta kebo, ambayo hushusha ndizi kutoka Uru hadi soko la Mbuyuni. Masika yaliyopita ilianza kugoma alfajiri, ikawa kila nikitaka kuondoka sharti niwaamshe vijana wa jirani waje kuisukuma. Fundi wa kwanza aliiwasha, akachomoa waya wa hasi, na alipoona injini haizimi akasema altaneta ni nzima, betri ndiyo imekufa. Nikanunua betri mpya. Hazikupita wiki mbili gari likagoma tena; fundi wa pili akanishauri nifunge altaneta ya mtumba, nayo nikainunua, na vijana wakaendelea kusukuma.

Kipimo kile hakikuweza kutuambia lolote, kwa kuwa dizeli ya namna ile ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka, na ingeunguruma vilevile hata kama altaneta ingekuwa imeng'olewa. Kwa magari mengine jambo hilo ni la hatari zaidi. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye altaneta, na ikiondolewa ghafla volti hupanda kwa kishindo, zikaweza kuunguza dayodi (vipande ndani ya altaneta vinavyogeuza umeme wake ufae kwa betri), kidhibiti volti, na hata kompyuta ya gari kwa yale yaliyo nayo. Mwenye gari aliyekuja na tatizo dogo huondoka na kubwa asilojua limetoka wapi.

Fundi wa tatu, mtu mzima asiye na maneno mengi, hakushika spana kwanza. Alikagua mkanda kama umelegea, akaniambia niwashe injini na taa kubwa, kisha akachukua mita. Kwenye altaneta yenyewe ilisoma volti 14.2, kiwango kizuri kabisa, lakini kwenye betri ilisoma 12.4 tu. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye bodi ya altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri, mahali ambapo panatakiwa pasome karibu na sufuri, ikasoma 1.6, maana yake umeme ulikuwa unapotea njiani kati ya injini na betri. Akaingia uvunguni na kurudi na waya mnene unaounganisha injini na chesisi: nyuzi zake zilikuwa zimekatika zaidi ya nusu, na kichwa chake kimeliwa na kutu chini ya tope lililokauka. Alifunga waya mpya, akasugua kwa msasa mahali unapokaa mpaka chuma kikang'aa, akapima tena, na betri ikasoma 14.0.

Ombi langu kwa wenye magari ni kwamba, kabla ya kutoa fedha, tumwombe fundi atuonyeshe namba. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama 12.6, injini ikiwaka inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4, na ikizidi 15 betri inachemshwa. Tena, taa nyekundu ya betri isipowaka kabisa unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, usidhani ni heri, kwa sababu altaneta nyingi za zamani hupata umeme wa kuamshia sumaku kupitia balbu hiyo, na ikiungua huenda zisichaji.

Altaneta yangu ya awali niliifunga tena juma lililofuata, na ndiyo inayochaji mpaka leo.

Msomaji wako,
Uru, Moshi