Shangazi, daftari ninalo mpaka leo

Shangazi, salamu. Ni saa tisa usiku. Baridi ya Uyole mwezi wa saba unaijua, nimejifunga shuka mbili na bado natetemeka, sijui ni baridi au ni hasira. Tangu Jumapili sijalala usingizi wa maana. Naandika kwa simu, niwie radhi nikikosea.

Ni huyu binti yangu. Alikuja na kipimo chake cha presha kwenye mkoba, hata chai hajanywa, akaingia jikoni, akatoa makopo yangu yote kabatini, la mlonge, la choya, la kitunguu saumu na lile la unga wa kijani, akaenda kuyamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Wifi yangu amekaa pale anaona, na kijana anayenibebea magunia anaona. Nikanyamaza. Mtoto kasomeshwa kwa viazi hivi hivi ninavyouza, nikasema ngoja amalize. Ndipo akasema, "Mama, kumbe siku hizi unakwenda kwa waganga?"

Neno hilo, Shangazi. Katika maneno yote.

Marehemu mume wangu alianza kuumwa 2019. Nilimpeleka zahanati mara tatu. Mara ya kwanza wakasema taifodi. Ya pili, taifodi na UTI. Ya tatu UTI sugu, sindano siku tano. Hakuna aliyempima sukari, na mtu alikuwa anamaliza dumu la maji kwa siku, anakojoa usiku kucha, suruali zinamvuka. Yote yameandikwa kwenye daftari lake, tarehe na mihuri. Tulipofika hospitali kubwa alikuwa hajitambui. Daktari, kijana mdogo tu, akamfunua macho, akanitazama mimi kutoka kitenge mpaka kandambili, akasema kwa sauti wodi nzima inasikia: "Mmechelewa. Mlikuwa mnamzungusha kwa waganga." Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya khanga. Sikulitoa. Alifariki kesho yake. Na kwa mganga hatukukanyaga, Shangazi, hata kwa kupita njiani.

Mimi si mtu wa kudanganyika. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, kule Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wakubwa nao wakaenda tukawaona kwenye televisheni, mimi sikwenda. Niliwacheka. Dada yangu alikwenda, akarudi na vumbi na kikohozi.

Lakini na hao wakubwa, utawaamini kwa lipi? 2020 tuliambiwa papai na mbuzi wamekutwa na korona, tukaambiwa tujifukize. Nikajifukiza kwa mkaratusi na mchaichai mpaka uso ukababuka. Januari 2021 chanjo hazifai. Julai mwaka huo huo Rais mpya anachanjwa mbele ya kamera, na sisi twende tukachanje. Binti anasema hao ni wanasiasa, wauguzi ni wengine. Mimi muuza viazi nitawatofautisha vipi, na gari la matangazo lililopita sokoni lilikuwa lile lile?

Baada ya mazishi hospitali sikuisikia tena. Nilibaki na karatasi ya kifo na risiti. Miezi minane sikuwa naamka kabla ya saa nne, viazi vinaota stoo. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mtu mmoja, sitamtaja, sisi tunamwita Mwalimu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anatuma sauti. Siku moja akasema, "Mlima Rungwe ukifunikwa na ukungu haujaenda popote." Nililia, nikaoga, nikaenda sokoni. Binti anasema ni maneno tu. Ndiyo, ni maneno. Yeye alikuwa chuoni, hakuniona nilivyokuwa.

Presha walinipima mwaka jana, 178 kwa 104, wakanipa vidonge. Nilimeza, usidhani sikumeza. Miguu ikavimba mpaka viatu haviingii. Nikarudi kuuliza, dirishani nikaambiwa, "Endelea kumeza mama, wenzako wanasubiri." Nikaacha. Mwalimu akasema vidonge vya presha ukivianza huachi mpaka kaburini, ila unga wake unasafisha mishipa. Kopo 35,000. Sasa binti ananiambia kuna kidonge cha presha ambacho baadhi ya watu kinawavimbisha miguu, na ukisema unabadilishiwa kingine, basi. Yule wa dirishani hilo lilimshinda nini kulisema? Sentensi moja!

Na si suala la hela. Binti alipiga hesabu ya makopo, ikafika mahali ikagusa hela ya kikoba, lakini si suala la hela.

Akiwa chuo ni yeye aliyenisimulia kwamba dawa mseto ya malaria asili yake ni jani, pakanga ya Kichina, na mama wa Kichina aliyeifukua akapewa Nobel mwaka 2015. Nikamwambia Jumapili, jani lako lina heshima, langu ni la waganga? Akanijibu kwamba lile lilipimwa, ikajulikana kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinadhuru. "La kwenye kopo lako kalipima nani, mama?" Sikuwa na jibu. Ila na yeye hakupaswa kuniuliza mbele ya watu. (Kusema kweli nilishamuuliza Mwalimu kama ule unga umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili. Alinitumia sauti ya dakika saba kuhusu imani. Hilo binti halijui.)

Wifi yangu ni dada wa marehemu. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza kaka yake alikufaje. Jumapili, lile neno lilipotoka, aligeuka akaniangalia. Hakusema kitu. Alimaliza chai yake akaaga mapema, na tangu siku hiyo simu yangu hapokei. Unaelewa sasa? Yule daktari alinisema mbele ya wasionijua. Mwanangu kanisemea mbele ya mwenye msiba.

Nataka aniombe radhi, mbele ya wifi vilevile. Nisaidie nimwambieje, nisionekane namlazimisha. Hilo tu.

Jambo jingine ni dogo. Alhamisi, kabla ya hiyo Jumapili, nampimia mteja viazi, mkono wa kushoto ukafa ganzi, sado ikadondoka. Nikataka kusema samahani, ulimi mzito, neno halitoki. Kama dakika kumi hivi. Yule mama akadhani namnunia, akaondoka. Baadaye ukaachia nikaendelea kuuza. Nadhani ni baridi, asubuhi hiyo kulikuwa na sakitu. Sijamwambia mtu.

Hospitali siendi. Labda kama ungejua mahali nje ya Mbeya, hata Njombe au Iringa, wasikonijua, wapime tu bila kuniuliza nimekunywa nini na nimetoka kwa nani. Hapo ningekwenda mara moja. Ningebeba na lile daftari. Ni la marehemu, najua halihusiani na presha yangu, lakini ningetaka kwanza mtu alisome, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikiwa nimekaa pale. Ndipo nimpe mkono apime. Wanaweza kukubali kitu kama hicho? Au watanicheka?

Binti kapiga simu jana jioni. Hakuomba radhi. Kasema Jumapili atakuja tena, twende wote, atakaa na mimi kwenye foleni mpaka mwisho. Nikamjibu sina nafasi, kuna mzigo wa viazi unaingia. Hakuna mzigo wowote.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Ukinijibu usitaje Uyole, na hilo la mkono usiliandike kabisa. Binti husoma majibu yako, ndiye aliyeniambia habari zako.