Anayemsimulia Liyongo kwa mzaha aachwe, ila auonyeshe mshororo wa kale

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaorudi kila mara miongoni mwetu tunaopenda tungo za kale, nao ni kuhusu vijana wanaomchukua Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa kale wa mwambao, wakamvisha suruali, wakampa simu mkononi, wakageuza kufungwa kwake na kutoroka kwake kuwa kichekesho cha dakika mbili. Wapo wazee wenzangu wanaotaka jambo hilo likomeshwe kwa kuwa, kwa maoni yao, ni kumvunjia heshima shujaa wa Waswahili. Nawaheshimu kwa uchungu wao, lakini siafikiani nao, kwa sababu naamini kosa la vijana hawa haliko katika mzaha wala katika kubadilisha kisa, bali liko katika kuuficha utungo wa kale chini ya utungo wao, hata msikilizaji asijue wapi anasema Liyongo na wapi anasema mwigaji.

Tuanze na kisa chenyewe. Liyongo amefungwa pingu kwa amri ya Mringwari, mtawala wa Pate, na chakula chake huletwa na kijakazi Saada, ambaye kila akifika mlangoni walinzi humnyang'anya kile kizuri wakakila wao. Ndipo Liyongo anapomwimbia Saada mbele ya walinzi hao hao, akimwagiza akamwambie mama afanye mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani yake aweke tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi wanasikia wimbo, hawasikii agizo. Mkate ulipoletwa waliucheka wakaupitisha, maana nani atakula wishwa? Kisha mfungwa akaomba apigiwe gungu, ngoma ya kale ya mwambao, akawafundisha watu tungo za kuimba, na wakati ngoma na matoazi yakivuma yeye alikuwa akikereza vyuma. Sijui mzaha mkubwa kuliko huo katika fasihi yetu yote. Mji mzima ulimwimbia mfungwa nyimbo alizowatungia mwenyewe, nao hawakujua kwamba sauti zao ndizo zinazoifunika sauti ya tupa. Anayetaka kumlinda Liyongo dhidi ya dhihaka ajue kwamba ni kwa dhihaka ndipo Liyongo alipotoka kifungoni.

Wala si kweli kwamba wahenga walikiacha kisa hiki bila kukigusa. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alikichapisha katika hadithi alizozikusanya Unguja, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa pia fundi wa kuchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, akakitunga upya kwa bahari ya utenzi. Masimulizi hayo mawili hayalingani katika kila jambo. Wapokomo wa Mto Tana nao wana Liyongo wao, na kila mji wa mwambao wa kaskazini una namna yake ya kueleza alikozaliwa na alikozikwa. Kijumwa hakuwa karani wa kunakili tu. Alikuwa mtunzi aliyependa kisa cha zamani akakisema kwa ulimi wake, yaani alifanya kile kile ambacho leo tunawakemea vijana kwa kukifanya.

Lakini mfano ninaotaka kuushikilia zaidi ni wa kale kuliko Kijumwa. Sayyid Abdalla bin Nasir, huyo huyo tunayemjua kwa utenzi wa Al-Inkishafi, aliuchukua utungo unaonasibishwa na Liyongo akautungia takhmisi. Kila mishororo miwili ya Liyongo aliiongezea mitatu yake, kwa mizani ile ile na kwa kina kile kile, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Wasomaji wa tungo wanaelewa ugumu wa kazi hiyo. Mtunzi wa takhmisi hana ruhusa ya kuisogeza mishororo ya mwenzake hata kidogo. Anapaswa kuijengea njia ya kuifikia, ili tunapofika kwenye maneno ya kale tuyasikie kana kwamba yamesemwa leo. Anaweza kuyakuza au kuyapeleka mahali ambapo mwenyewe hakukusudia, na bado maneno yenyewe yanabaki pale pale, yanaonekana, na msomaji anaweza kupima kati ya wawili hao. Hiyo ndiyo adabu ninayoidai, nayo haikutoka nje, tuliirithi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipokuwa wakirushiana mashairi zama za uhasama wa miji yao, kila mmoja alijua vema ni maneno gani ya mwenzake anayajibu, na waliosikiliza walijua pia.

Sasa nieleze kinachoniudhi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na nimewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliandika, kwa hati safi na kwa kujiamini, kwamba Liyongo hakufa, bali alimsamehe mwanawe wakarudi nyumbani pamoja. Nilipomuuliza alikoitoa habari hiyo, alinionyesha video. Aliyeitengeneza ana haki ya kumwacha Liyongo hai akitaka. Pengine hata mimi ningependa mwana yule asimchome baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba kwa tamaa ya kuozwa binti wa mtawala. Asichokuwa na haki nacho ni kunyamaza kimya asimwambie mtoto kwamba hapa amekigeuza kisa. Nyimbo nazo hutupwa zote, kana kwamba zilikuwa pambo, ilhali wimbo kwa Saada ndio uliofungua pingu. Na anayekichekesha kile kifo cha Liyongo kwenye kisima, amepiga goti moja, mshale kwenye upinde, maiti ambayo watu wa mji wanaiogopa wakidhani ingali hai, namwomba asikisahau kiu chao. Walikaa bila kuthubutu kuteka maji hata wakaenda kumwomba mama yake akamtulize mwanawe kwa nyimbo. Mahali hapo pana kicheko na pana msiba kwa pamoja, na anayekitoa kimoja anakiharibu na cha pili.

Nimeona pia kazi njema, na ni haki niitaje. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliniletea beti alizotunga kwa sauti ya Saada, ambaye katika masimulizi yetu hutumwa tu, hasemi. Ubeti mmoja ni huu:

Mkate niliushika,
Mlangoni nikafika,
Walinzi wakanicheka,
Wa wishwa wakaukana.

Mizani ni minane kila kipande, vina vimekaa mahali pake, na kicheko kimehamia kwa walinzi bila Liyongo kupunguziwa chochote. Zaidi ya hayo, juu ya beti zake aliandika mishororo ya wimbo wa zamani aliyoanzia. Nilizisoma mara kadhaa, na tangu hapo sikisomi tena kisa hiki bila kuuliza Saada alijua nini kuhusu uzito wa mkate ule.

Nyimbo za visa za Waingereza na Waskoti nazo zimepitia hali hii. Francis James Child, profesa wa Harvard, alikusanya 305 katika juzuu zilizotoka kati ya 1882 na 1898, na wimbo mmoja alipoupata kwa namna nyingi hakuchagua mmoja akazitupa nyingine, bali alizipanga zote kwa herufi, A, B, C, kila moja na mahali ilikotoka. Leo mtu yeyote kule anaweza kuugeuza wimbo apendavyo, kwa kuwa wa kale uko wazi kwa anayetaka kuulinganisha.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwako ni dogo na linawezekana. Ukurasa wako wa mashairi umekuwa uwanja wa malenga kujibizana tangu nilipoanza kuusoma. Tenga nafasi humo, hata ikiwa mara moja kwa mwezi, uchapishe beti chache za utenzi wa Liyongo jinsi zilivyo, pamoja na maana ya maneno magumu ya Kiamu, lahaja ya Lamu, kisha uwaalike vijana wazijibu, wawe wanazisifu, wanazikosoa au wanazifanyia mzaha. Sharti liwe moja tu, kwamba jibu litakalochapwa litanguliwe na ubeti linaoujibu. Waalimu wa Lamu, Mombasa na Unguja wakiombwa kuzifasiri hizo beti, sidhani wataona taabu, na mimi nitakuwa wa kwanza kujitolea.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mombasa